Uduvi Naye si Mdudu?
Mazungumzo juu ya wanyama wadogo wa baharini na bomba la dawa

 

Leo sitazungumza juu ya mahindi, wala pamba, wala ng'ombe wa maziwa. Leo nitazungumza juu ya bahari. Najua wako watakaosema: bwana shamba wetu leo amepotea njia, ameacha jembe ameshika kasia. Nivumilieni kidogo. Kabla mazungumzo haya hayajaisha nitakuwa nimerudi shambani kwenu, tena nitakuwa nimesimama pale pale mnapooshea bomba la dawa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, nilitumwa kwenda katika kijiji kimoja cha pwani kuwaonyesha wakulima wa nyanya na bamia jinsi ya kunyunyiza dawa ya wadudu. Kazi ilikwenda vizuri. Tulipima dawa sawasawa, tulichanganya sawasawa, tukanyunyiza asubuhi upepo ukiwa umetulia. Tulipomaliza, nikateremka na bomba langu mpaka kwenye kijito kilicho chini ya mashamba, kijito kinachoingia katika hori lenye mikoko. Nikafungua bomba, nikalisuuza mara mbili. Maji meupe kama maziwa yakaenda zake na mkondo.

Nilipoinua kichwa nikamwona bibi mmoja amesimama njiani, ndoo mkononi na kitambaa begani. Alikuwa anatoka kutanda uduvi, maji yalikuwa yamekupwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo dawa uliyoimwaga inaua nini?"

"Inaua wadudu, bibi."

"Na uduvi je? Uduvi naye si mdudu?"

Nikacheka kidogo, kama mtu anayejua. Nikamwambia, la, bibi, uduvi si mdudu, uduvi ni jamaa ya kamba, wadudu ni hawa wa nchi kavu. Yule bibi akanitazama, akasema: "Haya. Na dawa nayo inalijua hilo?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni na swali hilo kichwani, nikawauliza wenzangu wanaoshughulika na mambo ya bahari, nikasoma. Haya nitakayowaeleza leo ndiyo niliyojifunza.

Tuanze na jambo la msingi. Wewe mkulima unajua kwamba ng'ombe hali udongo. Udongo unaotesha majani, ng'ombe anakula majani, nasi tunapata maziwa na nyama. Baharini nako ni vivyo hivyo. Yako majani ya baharini, lakini mengi yake si haya unayoyaona yamelala ufukweni. Ni mimea midogo mno, ya kuonekana kwa hadubini tu, inayoelea katika maji na kupata nguvu kwa jua. Halafu wako wanyama wadogo wanaoelea pamoja nayo na kuila. Hao ndio ng'ombe na mbuzi wa baharini. Dagaa anawala hao, kibua anamla dagaa, jodari anamla kibua, na sisi tunamla jodari.

Mwaka 1887 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Victor Hensen, alivipa viumbe hivi vinavyoelea jina la planktoni. Neno hilo limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachotangatanga. Wanyama katika kundi hilo huitwa zooplanktoni. Mkondo ukienda kusini wanakwenda kusini, ukigeuka nao wanageuka. Wanaweza kuogelea, lakini hawawezi kushindana na mkondo.

Ukiwa mtu wa pwani unaweza kuwaona bila gharama kubwa. Chukua kitambaa cha nailoni chepesi, kile kinachopitisha maji upesi. Kishone kama mfuko mrefu, mdomo wake uutie pete ya waya, na chini ufunge chupa ndogo yenye mdomo mpana. Ukiwa kwenye ngalawa au mtumbwi, ufunge kwa kamba uuburute taratibu kwa dakika 10 hivi. Wataalamu wanafanya hivyo hivyo, ila wavu wao una matundu yaliyopimwa, mara nyingi ya sehemu moja ya tano ya milimita. Ukipandisha, mimina kwenye gilasi safi, uitazame juani. Utaona maji yamejaa vitu vinavyorukaruka kama vumbi lenye uhai. Ukipata kioo cha kukuzia, ndipo utakaposhangaa. Ulichodhani ni kitu kimoja utaona ni umati, na kila mmoja ana sura yake.

Basi hapa ndipo lilipo neno langu la leo. Wanyama hawa si wa aina moja. Aina zilizokwisha kutambuliwa na kupewa majina, za wale wanaoelea maisha yao yote, zinakaribia 7,000 katika bahari zote za dunia. Na bahari za joto kama hii yetu ndizo zenye aina nyingi zaidi. Bahari za baridi zina aina chache, ingawa kila aina inaweza kuwa na idadi kubwa ajabu. Unaweza kusema bahari ya baridi ni kama shamba kubwa la zao moja, na bahari yetu ni kama shamba la mzee wa pwani: mnazi, chini yake mhogo, kati yake kunde, pembeni mbaazi, na mpapai mmoja ulioota wenyewe.

Hebu tuwatazame baadhi yao.

Walio wengi kuliko wote wanaitwa kopepodi. Mwili wao ni mfano wa tone la maji, mbele wana ndevu mbili ndefu, na wengi hawafiki milimita 2. Mara nyingi katika pwani yetu, hao ndio wanaoongoza kwa wingi. Kopepodi hutaga mayai, yai likaanguliwa kuwa kitoto kisichofanana kabisa na mama yake, kikajivua gamba mara nyingi mpaka kikawa mtu mzima. Wako kopepodi wanaokula mimea midogo, wako wanaokula wenzao, na wako wanaookota mabaki.

Wako wanyoo mshale, wembamba, wanaopenya mwanga kama kioo, wenye miiba kichwani ya kukamatia mawindo. Hao ni chui katika zizi hili. Chakula chao kikubwa ni kopepodi. Wako konokono wadogo ambao mguu wao umegeuka kuwa mabawa mawili, wakaruka majini kama vipepeo. Wako konyeza wa kila namna, wakubwa na wadogo. Na wako jamaa za kamba, ambao uduvi wa yule bibi ni mmoja wao.

Wengi wa hao huelea tangu kuzaliwa mpaka kufa. Lakini liko kundi jingine linaloelea utotoni tu. Kaa, kamba, chaza, jongoo bahari, hata matumbawe yaliyogandamana na mwamba, wote hao kwa kawaida huanza maisha wakiwa vitoto vinavyoelea. Na watoto wa kaa hawafanani na kaa hata kidogo. Wana macho makubwa na mwiba mrefu kichwani. Mwaka 1802 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Bosc, alikipa kiumbe hicho jina lake peke yake, Zoea, akidhani ni mnyama wa kujitegemea. Ilikuwa mwaka 1828 ndipo daktari mmoja wa jeshi, John Vaughan Thompson, alipotangaza kwamba Zoea si mnyama mwingine, ni mtoto wa kaa. Wenzake walibishana naye miaka mingi. Nawaambieni haya ili mjue kwamba hata wasomi wamewahi kumtazama mtoto wasimjue mama yake.

Kamba nao ni hivyo. Kamba mkubwa hutaga baharini, watoto wake wakaelea kwa muda wa wiki mbili au tatu, kisha wakasukumwa na maji mpaka ndani ya mikoko na mahori, wakakulia humo kabla ya kurudi baharini. Kwa hiyo katika ndoo moja ya maji ya hori unaweza kuwa umeshika kamba wa mwakani, kaa wa mwakani na changu wa mwaka ujao, wote ni wadogo mno.

Sasa utaniuliza: bwana shamba, aina zote hizi za nini? Haitoshi kuwa na aina moja tu, bora iwe nyingi?

Nami nakuuliza: kwa nini wewe hupandi mahindi peke yake? Kwa sababu unajua mvua. Mvua ikikatika mahindi yanakauka, lakini mhogo unasimama. Kunde zinakupa mboga kabla mahindi hayajabeba. Kila zao lina wakati wake na kazi yake. Baharini nako, kila aina ina wakati wake na kazi yake. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa mdomo. Samaki akianguliwa huwa na akiba kidogo ya kiini cha yai. Akiba hiyo ikiisha, lazima apate chakula upesi, tena chakula kinachoingia katika mdomo wake mdogo. Kopepodi mzima ni mkubwa mno kwake. Anachohitaji ni watoto wa kopepodi. Akikua kidogo anataka wakubwa kidogo, akikua zaidi anataka wakubwa zaidi. Pakikosekana saizi moja katikati, ni kama ngazi iliyovunjika kipago, mtoto hapandi.

Na si watoto tu. Kule kisiwani Mafia huja samaki mkubwa kuliko samaki wote wa dunia, potwe, ambaye wengine humwita papa shilingi. Pamoja na ukubwa wake wote, chakula chake ni vidudu hivi. Wataalamu walichota maji pale pale alipokuwa anakula na mahali pengine alipokuwa hayupo, na mwaka 2015 walichapisha waliyoyaona. Mahali pengine palitawaliwa na kopepodi wadogo. Lakini pale alipokuwa anakula potwe, uzito wa wanyama waeleao ulikuwa kama mara 10 ya kwingine, na karibu nusu ya waliohesabiwa walikuwa aina moja ya jamaa za kamba, Lucifer hanseni, mwenye urefu wa sentimita moja hivi. Yaani bahari imejaa chakula, lakini mnyama mkubwa kama yule anakwenda kutafuta aina yake anayoitaka.

Mfano wa pili ni wa usiku na mchana. Wengi wa wanyama hawa mchana hushuka chini gizani, wengine mita mia kadhaa, wakijificha wasionekane na samaki. Jua likizama hupanda juu kula. Kabla ya alfajiri hushuka tena. Safari hiyo inafanyika kila siku katika bahari zote, na hakuna msafara wa wanyama duniani unaoishinda kwa wingi. Lakini si wote wanaosafiri. Wako wanaobaki juu mchana kutwa. Kwa hiyo samaki wa mchana ana chakula chake na samaki wa usiku ana chakula chake.

Wavuvi wa dagaa wanajua sehemu ya siri hii. Usiku wa giza lisilo na mwezi wanawasha taa, na dagaa wanakusanyika. Mwaka 1974 mtaalamu W. Okera alichapisha uchunguzi wake juu ya wanyama waeleao katika maji ya karibu na Dar es Salaam, akaeleza pia wanavyoitikia mwanga wa taa. Mvuvi anaona dagaa, lakini chini ya taa ile ile liko soko zima lisiloonekana.

Mfano wa tatu ni wa kusi na kaskazi. Wewe una akiba ya mbegu ghalani, unangoja mvua. Yuko kopepodi katika bahari ya Somalia, wa jamii ya Calanoides, anayefanya kama wewe. Wakati wa kusi upepo ule mkali huyasukuma maji ya juu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Mimea midogo inastawi, na kopepodi huyu anakula, ananenepa, anazaana kwa wingi. Kusi ikiisha, vijana wake hushuka kina cha zaidi ya mita 500, wakalala humo miezi kadhaa bila kula, wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea. Kusi ikirudi, nao wanarudi juu. Aina nyingine haziwezi kufanya hivyo, lakini zinaweza mambo ambayo huyu hayawezi. Ndiyo maana hakuna msimu ambao bahari inalala njaa kabisa.

Lakini je, aina hizi zikiharibika inakuwaje? Hili nalo si la kubahatisha, limewahi kutokea. Twende mbali kidogo, mpaka Bahari Nyeusi, iliyoko kati ya Uturuki, Ukraini, Urusi na nchi nyingine za jirani. Watu wa huko nao wana dagaa wao wanaowapenda sana. Waturuki humwita hamsi, na ni ndugu kabisa wa dagaa mcheli wetu.

Mambo matatu yalikutana katika bahari ile. La kwanza, mto Danube na mito mingine ilileta rutuba nyingi mno kutoka mashambani na mijini, mbolea iliyosombwa na maji pamoja na maji machafu. La pili, wavuvi walivua kupita kiasi. La tatu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaja mgeni. Ni mnyama laini mfano wa konyeza, jina lake Mnemiopsis, kwao ni pwani ya Amerika. Alifika ndani ya yale maji yanayobebwa tumboni mwa meli ili kusawazisha uzito. Mgeni huyu anakula wanyama wadogo waeleao, anakula mayai ya samaki, anakula na vitoto vya samaki. Anataga maelfu ya mayai, na katika bahari ile hakuwa na adui wa kumpunguza. Kama gugu lililoingia shambani wakati mwenye shamba amelala.

Kufikia mwaka 1989 alikuwa amejaa kila mahali. Wanyama waeleao walipungua vibaya, na baadhi ya aina ndogo za kopepodi zilizokuwa za kawaida zikawa hazionekani. Uvuvi wa hamsi ukaanguka. Nyavu ziliingia majini zikatoka na uji wa konyeza. Nafuu ilianza kuonekana baada ya mwaka 1997, alipoonekana mgeni wa pili, aitwaye Beroe, ambaye chakula chake ni yule mgeni wa kwanza. Hiyo ilikuwa bahati. Mkulima mwenye busara hapandi kwa kutegemea bahati.

Angalieni, ndugu zangu, kwamba wakulima wa bonde la Danube hawakuwahi kukusudia kuwaharibia wavuvi. Wengi wao labda hata bahari yenyewe hawakuwahi kuiona. Walitia mbolea shambani, mvua ikafanya yaliyobaki. Mto haujui kwamba mzigo uliopewa ni wa mtu mwingine.

Sasa narudi pale kijitoni nilipoiacha ndoo ya yule bibi.

Nilimwambia uduvi si mdudu. Nilikosea kuliko nilivyojua. Mtazame panzi, kisha mtazame uduvi. Wote wana miguu yenye viungo. Wote wana gamba kwa nje badala ya mifupa kwa ndani. Wote wakikua hulivua gamba hilo. Wataalamu wa leo wanasema wadudu wa nchi kavu na jamaa za kamba ni wa ukoo mmoja. Na dawa nyingi za wadudu zimetengenezwa kushambulia mishipa ya fahamu ya ukoo huo. Dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo bustani nyingi siku hizi zinazitumia, zinawadhuru kamba, kaa, uduvi na kopepodi hata zikiwa kidogo mno katika maji. Kiasi ambacho hakimdhuru mtu wala ng'ombe kinaweza kuwa sumu kwao.

Kwa hiyo jibu la swali la yule bibi ni hili: la, dawa hailijui hilo. Dawa haibagui mdudu wa nyanya na mtoto wa kamba. Anayepaswa kubagua ni mwenye kushika bomba.

Na usidhani kwamba neno hili ni la watu wa pwani peke yao. Dagaa wa Ziwa Victoria na dagaa wa Kigoma nao wanakula wanyama wadogo wa majini, tena kopepodi wamo. Na mito yetu mingi mikubwa, Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji, Ruvuma, inaishia baharini. Mkulima wa mlimani ni jirani wa mvuvi, ila mlango wa nyumba zao ni mto.

Halafu fikiri juu ya banda lako la kuku. Dagaa ndiye anayetia nguvu katika chakula cha kuku wa mayai. Mwaka ambao dagaa amekuwa adimu, hesabu ya mayai inakwenda kombo. Kumbe kuku wako wa Morogoro au Dodoma anaweza kuwa amefungwa kwa uzi mmoja na kopepodi wa baharini.

Tufanye nini, basi? Nitataja mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wa mkulima mdogo.

Kwanza, usioshe bomba la dawa mtoni, kijitoni, kisimani wala horini. Pima dawa ya kutosha shamba tu, usichanganye ya ziada. Ukimaliza, tia maji safi kidogo kwenye bomba, tikisa, kisha nyunyiza maji hayo juu ya zao lile lile ulilokuwa ukilitibu. Fanya hivyo mara tatu. Chupa ya dawa nayo isuuze mara tatu, maji yake uyatie ndani ya bomba kabla hujaanza kunyunyiza. Kisha itoboe isitumike tena kutekea maji wala kuwekea mafuta ya taa.

Pili, usinyunyize dawa mvua ikiwa imetanda, wala upepo ukivuma kuelekea majini. Acha ukingo wa kijito na majani yake, usilime mpaka kwenye maji. Majani hayo ni mlinzi asiyelipwa. Yanashika udongo, yanashika dawa, yanashika mbolea.

Tatu, tumia dawa pale tu unapoona mdudu amefikia kudhuru, si kwa mazoea ya kila wiki. Badilisha mazao, ng'oa mimea iliyougua, panda kwa wakati. Na mbolea ya chumvichumvi igawe mara mbili badala ya kuimwaga yote mara moja, iwe mimea ndiyo inayoila na si mto. Shamba la mteremko lipigie matuta ya kukinga maji. Kila karai la udongo linalokwenda mtoni ni hasara kwako na ni tope juu ya matumbawe na majani ya baharini.

Nne, kwa ndugu zangu wa pwani wanaolima na kuvua: acheni chandarua majini. Ni kweli kwamba kopepodi wengi wanapita katika matundu ya chandarua. Lakini vitoto vya samaki na kamba walioponea chupuchupu, wakafika maji mafupi ili wakue, hao hawapiti. Wanakaushwa juani kwa bei ya kitoweo cha siku moja. Ni sawa na kula mbegu. Na sheria zetu za uvuvi zinawakataza wenye makokoro na wenye baruti. Wenye kuwaona tusiwafiche.

Tano, mikoko. Tunajua nguzo zinahitajika, tunajua kuni zinahitajika. Lakini mkoko ni kitalu. Hakuna mkulima anayeng'oa kitalu chake ili apate kuni. Palipokatwa, kijiji kikae pamoja na maofisa wa misitu, papandwe upya kwa aina zinazostahili mahali pale.

Ndugu wakulima, mambo haya si makubwa. Ni ndoo tatu za maji, ni hatua chache za ukingo usiolimwa. Wahenga wamesema, mdharau mwiba guu huota tende. Sisi tumezoea kuwaheshimu wanyama wakubwa, tembo, simba, nyangumi. Lakini nyumba haisimami kwa paa, inasimama kwa msingi, na msingi wa bahari ni hawa wasioonekana, kila mmoja kwa sura yake na kwa msimu wake. Ukipoteza aina moja, huwezi kwenda dukani kununua mbegu yake.

Nilirudi katika kijiji kile mwaka uliofuata. Niliwaita wakulima wale wale, nikawaonyesha tena jinsi ya kunyunyiza dawa, na safari hii nikawaonyesha pia jinsi ya kusuuzia bomba shambani. Nilieleza wazi kwamba mara ya kwanza nilikosea. Yule bibi alikuwa amekaa nyuma, kanga yake kichwani. Nilipomaliza nikamwamkia, nikamwambia: "Bibi, lile swali lako nimelipatia jibu. Dawa haijui."

Akasema: "Mimi nilijua haijui. Nilitaka nione kama wewe unajua."

 Mpaka wiki ijayo, tutakapozungumza juu ya kuhifadhi mbegu za kunde zisibunguliwe, nawatakia kazi njema mashambani. Kwaherini.